Sajili za Meli na Historia ya Bahari ya Waswahili

Neno sajili linapotajwa katika ukumbi wa mihadhara ya Kiswahili, aghalabu wanafunzi huwazia lugha ya mahakamani, ya hospitalini au ya matangazo ya biashara. Ipo maana iliyotangulia hiyo, nayo ni daftari ambamo jambo huandikwa ili liwe ushahidi. Sajili inayozungumziwa katika makala haya ni ya vyombo vya bahari. Humo hamna masimulizi. Mna safu za majina na tarakimu tu, na pengine ndiyo sababu wanafasihi wameziachia wanahistoria.

Sajili mashuhuri zaidi ni ile ya Lloyd's, iliyochipuka katika mkahawa wa kahawa jijini London. Buku lake kongwe lililosalia ni la mwaka 1764, na mabuku mengi ya mfululizo huo sasa yanasomeka bila malipo katika intaneti. Liliandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara na wakata bima, si kwa ajili ya vizazi vijavyo. Walitaka kujua nahodha ni nani, mwenye meli ni nani, iliundwa wapi na lini, na ina uzito wa tani ngapi. Hali ya kiunzi ilidokezwa kwa irabu tano, A ikiwa bora na U ikiwa duni kabisa. Safu yenye faida kubwa zaidi kwa mtafiti, hata hivyo, ni ya jina la zamani la meli.

Chukua meli iliyoshushwa majini Glasgow mwaka 1863 kwa jina la Sea King. Mwaka uliofuata iligeuzwa manowari ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, ikaitwa Shenandoah. Ilijisalimisha Liverpool tarehe 6 Novemba 1865. Mwaka 1866 ilinunuliwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, nayo ikapewa jina la El Majidi. Dhoruba ya Aprili 1872, ile iliyoangamiza mikarafuu ya Unguja, iliitupa ufuoni. Anayeitafuta meli hii kwa jina moja tu atapata sehemu ya maisha yake na kuikosa iliyobaki.

Lakini El Majidi ilikuwa meli ya Ulaya iliyohamia Zanzibar. Mtepe ulioshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, au jahazi lililokwenda na kurudi kwa kusi na kaskazi, halikuwa na haja ya wakata bima wa London. Ukimya wa sajili hiyo usichukuliwe kuwa ukimya wa bahari yetu.

Vyombo hivi viliingizwa katika maandishi ya kiserikali kwa sababu nyingine, nayo ni nzito. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliokusudiwa kukomesha biashara ya watumwa, uliyataka mataifa yaliyotia sahihi yasajili vyombo vya wenyeji vilivyopeperusha bendera zao. Idhini ya bendera ilipaswa kufanywa upya kila mwaka. Mtu mweusi hakuruhusiwa kuandikwa kuwa baharia, wala kupakiwa kama abiria, kabla ya kuhojiwa na mamlaka ili ibainike kwamba anasafiri kwa hiari yake. Jina la baharia liliandikwa pamoja na maelezo mafupi ya umbo lake, asije akabadilishwa na mtu mwingine njiani. Mstari mmoja wa daftari ulitarajiwa kumtenga baharia na mateka. Yafaa kukumbuka pia kwamba mstari uo huo, ukiandikwa na karani mzembe au aliyehongwa, ungeweza kumficha mateka chini ya jina la baharia.

Mzozo wa vyombo vya Sur, nchini Oman, unadhihirisha uzito wa karatasi hizo. Baadhi ya wenyeji wa Sur, ambao majahazi yao yalifika pwani ya Afrika Mashariki, walikuwa na hati na bendera za Ufaransa, na Ufaransa haikukubali vyombo hivyo vipekuliwe na manowari za Uingereza. Shauri lilifikishwa mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, The Hague. Uamuzi wa tarehe 8 Agosti 1905 ulieleza kwamba baada ya tarehe 2 Januari 1892, Ufaransa haikuwa na haki ya kuwapa bendera raia wa Sultani wa Muscat, isipokuwa wale waliothibitika kuwa chini ya himaya yake kabla ya mwaka 1863. Swali zima likawa ni nani alitambuliwa na nani, na tangu lini.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika. Mkataba uliagiza jina la chombo lichongwe na kupakwa rangi kwenye tezi kwa herufi za Kirumi, ilhali wenye vyombo wengi waliandika kwa hati ya Kiarabu. Karani wa kigeni aliandika alivyosikia. Aidha, Waingereza walizoea kuita jahazi, mtepe, sambuki na bedeni kwa neno moja linaloshabihiana na dau letu, kana kwamba ni chombo kimoja. Jina lenye sauti ya kh, gh au dh lingeweza kupata tahajia tatu katika bandari tatu, na mtafiti asiyezijua sauti hizo atahesabu vyombo vitatu palipokuwa na kimoja.