TAA YAGOMA BAADA YA KUPIGA DARI



Wengi wetu tunaokaa katika nyumba za kiwanda na laini za shambani hutumia Jumapili kutengeneza nyumba. Mtu hununua silingi bodi, humwita jirani amshikie ngazi, na jioni chumba kinapendeza. Lakini umeme ukirudishwa, taa inawaka yenyewe hali swichi imezimwa. Akibonyeza swichi, fyuzi inakatika na nyumba nzima inaingia gizani. Tumeona vema tueleze chanzo chake, maana kosa ni dogo, lakini mtu aweza kufa kwa kulitafuta ovyo.

Ili bodi ipite, hufunguliwa kile kidude cha plastiki cha duara kinachoshika waya wa taa, ambacho mafundi hukiita silingi rozi. Mara nyingi humo mna kebo tatu. Ya kwanza inaleta umeme, ya pili inaupeleka chumba kinachofuata, na ya tatu inashuka kwenye swichi. Kila moja ina waya mwekundu na mweusi katika nyumba za zamani, au wa kahawia na wa buluu katika nyumba mpya. Mwenzetu hufunga nyekundu zote pamoja na nyeusi zote pamoja. Hapo ndipo anapokosea.

Ule mweusi wa kebo ya swichi si nyutro. Huo ndio unaoleta moto kwenye taa swichi inapowashwa. Ukichanganywa na nyutro, moto hukutana na nyutro bila kupita kwenye balbu, na fyuzi hukatika. Ufungaji ulio sawa ni huu: nyekundu tatu pamoja; nyeusi mbili za kebo ya kwanza na ya pili pamoja na waya mmoja wa taa; mweusi wa swichi peke yake na waya wa pili wa taa. Waya wa kijani, au wa kijani na njano, ni wa ardhini, usiukate.

Dalili nyingine ni hizi:

1. Taa hii inawaka lakini vyumba vya mbele ni giza: kebo ya pili haikufungwa, au imechomoka.
2. Taa inapepesa: skrubu imelegea. Usiiache hivyo, maana mahali palipolegea hupata joto na huweza kuwasha moto darini.
3. Fyuzi inakatika mara tu umeme unaporudishwa, swichi zote zikiwa zimezimwa: huenda msumari wa bodi umetoboa kebo.

Kuijua kebo ya swichi, fundi huzima swichi kuu, hutenganisha nyaya zote, kisha hutumia betri na balbu ya tochi. Kebo ambayo balbu ya tochi inawaka na kuzimika kwa kubonyeza swichi ya ukutani, ndiyo yenyewe.

Jihadharini sana na mambo mawili. Kwanza, kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Ndani ya silingi rozi moto upo daima. Zimeni swichi kuu, chomoeni fyuzi na kuitia mfukoni, asije mtoto akairudisha nanyi mko juu ya ngazi. Pili, fyuzi ya taa ni ya ampia 5. Anayeweka msumari au waya mnene badala yake haponyi ugonjwa, anaiteketeza nyumba.

Mwisho twawakumbusha kwamba nyumba hizi ni za mwajiri, na nyaya ni zake. Kabla ya kupiga dari, pelekeni ombi kwa kamati ya tawi, ili mwajiri atakiwe kumleta fundi wa umeme. Na aliyekwisha kukosea asione haya kusema. Laini moja ina familia nyingi, na moto hauulizi ulianzia chumba cha nani.

Umoja ni nguvu!