Nyaya Mbili Nyuma ya Tundu la Maiki

Viongozi wa kwaya na vikundi vya ngoma wanaotaka kununua miksa, yaani mtambo unaopokea sauti za maiki na ala, kuzichanganya na kuzipeleka kwenye spika au kwenye kompyuta ya kurekodia, kwa kawaida huuliza kwanza iwe na njia ngapi. Jibu ni kuhesabu maiki na kuongeza akiba kidogo, na hapo suala hilo linaisha. Kwa kijiji kama Robanda, karibu na lango la Ikoma la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambako onyesho la uwanjani huweza kutegemea jenereta, cha kuchunguzwa zaidi ni tundu la maiki na sakiti iliyo nyuma yake.

Maiki ya mwimbaji hutoa umeme wa milivolti chache tu, nao husafiri katika waya wa mita 30 au 50 ambao mara nyingi hulazwa kando ya waya wa volti 230, na huo wa pili hupenyeza mngurumo kwa jirani yake. Kinga dhidi ya mngurumo huo ni laini ya mizani, jina lililo bora kuliko “laini iliyosawazishwa”, ambalo hudokeza kazi iliyokwisha ilhali upimaji wa nyaya zake mbili haukomi. Ndani ya laini hiyo mna nyaya mbili za ishara zilizosokotwa pamoja. Mvua ikinyesha juu ya mizani ya sahani mbili, maji huongezeka sawasawa pande zote na mshale hausogei, lakini muuzaji akihamisha chembe za sukari kutoka sahani moja hadi nyingine, mshale huinama mara moja. Mngurumo ndiyo mvua hiyo na wimbo ndiyo sukari: maiki hupandisha umeme katika waya mmoja na kuushusha katika mwenzake, kisha sakiti ya miksa hutoa upande mmoja katika mwingine na kubakiza tofauti peke yake. Msokoto, ambao Alexander Graham Bell aliupatia hataza mwaka 1881 kwa ajili ya simu, husaidia sahani zote mbili kupata mvua ileile; na sahani moja ikitoboka, yaani kiungo kimoja kikilehemiwa vibaya au kushika kutu, maji huvuja upande mmoja na mshale husogea ingawa hakuna aliyeimba.

Sakiti inayopunguza kelele hiyo kwa desibeli 60 huigawanya kwa 1,000, hivyo mngurumo wa milivolti 2, ulio sawa na sauti yenyewe ya mwimbaji, hubaki milivolti 0.002. La kupendeza zaidi, volti 48 zinazowasha maiki za kondensa hupita katika nyaya hizohizo bila kusikika, kwa kuwa huwekwa sawa pande zote mbili.

Litungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, lililobandikwa kinasa chenye waya mmoja wa ishara halina kinga hiyo mpaka lipitishwe katika kisanduku cha DI, kinachogeuza waya huo mmoja kuwa laini ya mizani. Dukani, basi, mnunuzi aunganishe maiki kwa waya mrefu uliolazwa kando ya waya wa umeme, afungue sauti, atikise plagi katika kila tundu na kusikiliza. Kwa wanaorekodi, miksa nyingi za bei nafuu zenye USB hupeleka kwenye kompyuta mchanganyiko uliokwisha kufanywa, wala si kila maiki peke yake.