Kitanda Usichokilalia

Sisi watu wa pwani tukisikia neno bustani, mawazo hutukimbilia Forodhani ya Unguja, iliyofunguliwa upya mwaka 2009, au Mama Ngina ya Mombasa, iliyotengenezwa mwaka 2019. Mawazoni huona miti, mabenchi, madafu na upepo wa bahari. Basi nilipofika Isiolo na kumwuliza mzee mmoja wa Kiborana ilipo bustani ya umma, alinyoosha bakora yake kuelekea nyikani. Nilidhani hakunielewa. Kumbe mimi ndiye sikumwelewa.

Nyika ile ina wenyewe na ina utaratibu. Waborana huliita eneo moja la malisho dedha, na kila dedha ina baraza la wazee. Msimu wa mvua mifugo hupelekwa mbali. Kiangazi hurudi karibu na visima vya kudumu. Na pako mahali panapowekwa akiba, pasiguswe ila ukame ukizidi. Kisimani nako yupo aba herega, mpangaji wa zamu za kunywesha. Hakuna ua wala bawabu, lakini mgeni hupiga hodi.

Mzee akanieleza madhara ya wema usioulizwa. Mtu wa ofisini huja, akachimba kisima penye malisho ya akiba, akapiga picha, akaenda zake. Maji yakishapatikana pale mwaka mzima, mifugo hufurika, nyasi zikaisha, na ukame ukija akiba haipo tena. Ndiyo maana wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwaka 2011 Isiolo ilianza kujaribu njia nyingine. Paliundwa mfuko wa fedha za kukabiliana na ukame na mabadiliko ya hali ya hewa, na fedha zake za kwanza zilitoka kwa serikali ya Uingereza. Kila wadi iliyohusika, kama Kinna, Garba Tula na Merti, ilichagua kamati yake, wanawake wakiwemo. Katika kila shilingi mia za mfuko, sabini ziliwekewa miradi ya wadi, ishirini ya kaunti nzima, na kumi uendeshaji. Kamati huwauliza wananchi, huandika pendekezo, na kuonyesha kwamba mradi utawafaa wengi na hautazua ugomvi. Kamati ya kaunti hulipima pendekezo kwa masharti hayo. Haina ruhusa ya kulitupa kwa kutolipenda tu. Watu walichagua kukarabati visima na malambo, tena wakataka fedha za kuwakutanisha wazee wa dedha. Mgeni nani angalifikiria kulipia kikao?

Sisemi mambo yote yamenyooka. Ukame ulioanza mwaka 2020, mvua ziliposhindwa misimu mitano mfululizo, uliua mifugo wengi wa kaskazini. Hakuna mfuko wa wadi unaoweza kuzuia hayo peke yake. Lakini njia yenyewe imeenea: mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mpango wa kitaifa wa Kenya unaofuata mtindo huohuo.

Nirudi mtaani kwangu. Tuna kiwanja kimoja watoto huchezea mpira na kina mama hupunga upepo baada ya alasiri. Siku moja watu walikuja wakaweka mabenchi ya saruji katikati, juani, wakapanda maua yasiyo na mfereji. Maua yalikufa kabla ya Ramadhani. Leo mabenchi yamevunjika, taka zimejaa pembeni, na watu wawili watatu wamekwisha kukipimapima kiwanja kwa macho ya kununua. Angalituuliza mtu, tungalimwambia: mwarobaini mbili, mfereji mmoja, na taa.

Sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inawapa wananchi haki ya kushirikishwa katika mipango na bajeti. Haki hiyo haiji na chai mezani. Huendewa kwa karatasi mkononi. Wazee wetu walichanga wakachimba visima vya misikiti na kuviweka wakfu, na wasimamizi wakatoa hesabu. Mchango tunaujua, amana tunaijua.

Ijumaa ijayo, baada ya sala, tunakutana kiwanjani. Nimenunua daftari. Ukurasa wa kwanza nimeandika: mwarobaini mbili.