Asili ya Neno Chikungunya

Chikungunya ni neno la Kimakonde, wala si la Kiswahili kama wengine wadhanivyo. Kiambishi chi- ni sawa na ki- ya Kiswahili, na shina lake latokana na kitenzi kungunyala, yaani kujikunja au kupindana. Wenyeji wa uwanda wa juu wa Makonde, katika wilaya za Masasi na Newala, waliupa jina hilo ugonjwa uliozuka mwaka wa 1952, kwa kuwa maumivu ya viungo yalimpinda mgonjwa asiweze kusimama wima. Maji yalikuwa adimu huko juu. Watu waliyaweka akiba majumbani, na mbu wakazaliana humo. Mwaka wa 1955 Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha maelezo ya ugonjwa huo, nalo jina likaenea duniani.

Mwaka wa 2018 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba virusi hivyo huingia katika seli kwa kujishikiza kwenye protini iitwayo Mxra8, mojawapo ya zile zisaidiazo seli kushikamana. Protini hiyo imo hata katika seli za gegedu, lile fupa laini la viungo. Basi maabara ilitafuta sababu pale pale ambapo lugha ya Wamakonde ilikwisha kuonyesha dalili.