TURA, MAHALI PA KUTUA MZIGO

Wasikilizaji wetu, zamani misafara itokayo pwani, ikiisha kuvuka pori kavu la Mgunda Mkali, ilipata maji na chakula Tura, mlangoni mwa Unyamwezi. Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni "Tua mzigo". Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, wapagazi walipungua, na msafiri akaweza kupita Tura bila kushuka.

Basi, soko lililopoa huhuishwaje? Si kwa kuzidisha ushuru. Mtu hutua mzigo penye maji, kivuli, choo safi na ushuru wa haki. Kazi hiyo ni ya halmashauri ya wilaya. Kwa Tura, ndiyo ya Uyui. Yafaa ushuru wa sokoni urudi sokoni kwanza: paa lisivuje, taka zizolewe. Tena sheria ya mwaka 2018 yaiamuru halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ivikopeshe bila riba vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Vibanda vilivyofungwa huhitaji mtaji kama huo.

Nanyi wananchi, daini stakabadhi kila mlipapo, na mkutanoni ulizeni fedha zimetumikaje. Mali bila daftari hupotea bila habari.