Ulilipa kwa simu, ukazungushwa: jinsi ya kuandaa hati za Mahakama ya Madai Madogo

Fundi alichukua advansi ya makochi, sasa kila wiki ni “njoo Jumamosi”. Au mteja wako wa jumla alibeba mzigo, akalipa nusu, kisha akaacha kushika simu. Au ulituma pesa kwa namba isiyo yake na aliyezipokea amekataa kuzirudisha. Wateja wetu wengi hutuandikia wakiwa hapo, wakiuliza swali moja: je, ujumbe wa malipo ulio kwenye simu unatosha mahakamani?

Unasaidia sana, lakini peke yake hautoshi. Hebu tuone kwa nini, na unachohitaji kuandaa kabla ya kupeleka dai lako.

Mahakama yenyewe ni ipi?

Mahakama ya Madai Madogo ilianzishwa na sheria ya mwaka 2016, na ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwezi Aprili 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1: mikataba ya kuuziana bidhaa au huduma, pesa ambazo mtu anashikilia na si zake, uharibifu wa mali, na fidia ya majeraha. Haigusi kesi za umiliki wa ardhi, za kuchafuliwa jina, wala mizozo ya mwajiri na mfanyakazi.

Sheria inataka dai liamuliwe ndani ya siku 60 tangu lilipowasilishwa. Si lazima uwe na wakili. Unaweza kusimama mwenyewe, na unaweza kujieleza kwa Kiswahili. Anayesikiliza huitwa mwamuzi, na hafungwi na kanuni kali za ushahidi kama mahakama nyingine. Hilo lisikudanganye ukaenda mikono mitupu. Bado lazima umwonyeshe kilichotokea.

Kwanza, jua unamshtaki nani

Hapa ndipo wengi hukwama. Jina linalotokea kwenye ujumbe wa malipo huenda ni jina la duka tu, au la mtu aliyesajili laini, na siye mliyeelewana naye. Ukimshtaki asiyehusika, dai linaweza kutupwa. Tafuta risiti, kadi ya biashara, mkataba au cheti cha usajili kilichobandikwa ukutani dukani. Kama ni kampuni, andika jina lake kamili la usajili. Kama ni mtu binafsi, andika majina yake kamili, mahali alipo na namba yake ya simu.

Tunaombwa kila mara tutoe jina kamili au makazi ya mtu aliyepokea pesa. Hatuwezi kukupa. Taarifa za kila mteja zinalindwa na sheria, zako pia. Mahakama ikitoa amri, tutaifuata.

Pili, onyesha pesa zilikwenda kwa nini

Stetimenti yetu inaonyesha pesa zilitoka lini, ni kiasi gani na zilimfikia nani. Haionyeshi zilikuwa za nini. Chukua mfano: ulituma shilingi 30,000, kisha 40,000, kisha 15,000. Jumla ni 85,000, na hakuna anayeweza kuikana. Lakini fundi anaweza kusimama na kusema, “Hilo lilikuwa deni lake la zamani, alikuwa akinilipa.” Utamjibu na nini?

Utamjibu na mazungumzo yenu. Mesej uliyouliza bei, picha ya kochi aliyokutumia, ujumbe wake wa “nimepata, naanza kazi”, na ahadi za tarehe alizozivunja. Zipange pamoja na malipo kwa kufuata tarehe, ili anayesoma aone bei, malipo, kisha kimya. Kama mlielewana kwa mdomo tu, tafuta aliyekuwepo aandike maelezo yake kama shahidi.

Kuanzia leo, ukilipa advansi, mtumie mpokeaji ujumbe mfupi papo hapo: “Nimekutumia 30,000, advansi ya kochi la viti saba, utaleta tarehe 20.” Akijibu “sawa” tu, una kielelezo.

Tatu, andaa faili

Kwa kawaida utahitaji:

- Hati ya madai: nani anadai, anamdai nani, kiasi gani na kwa sababu gani. Fomu yake ipo mahakamani.
- Maelezo yako na ya mashahidi wako, yakiwa na sahihi.
- Nakala ya barua au ujumbe uliomtaka alipe na ukampa muda.
- Stetimenti, risiti, mkataba na mazungumzo, kila ukurasa ukiwa na namba.
- Cheti cha ushahidi wa kielektroniki: maelezo mafupi yenye sahihi, yanayosema ni simu gani na printa gani zilizotumika kutoa nakala hizo.

Stetimenti iombe kwenye programu yetu, kwa miezi inayohusika pekee. Huja ikiwa imefungwa kwa nywila, kwa hiyo ifungue kwanza na uhifadhi nakala isiyo na nywila kabla ya kuipakia, la sivyo mahakama haitaweza kuisoma. Usifute wala kubadilisha mstari wowote. Hata kama nia yako ni njema, mpinzani wako atasema umeighushi.

Nne, wasilisha, lipa, mkabidhi

Tangu Machi 2024 mahakama nchini kote zinapokea hati kupitia mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Mahakama. Unafungua akaunti, unapakia hati, na mfumo unakupigia hesabu ya ada. Lipa kwa kufuata maelekezo yaliyo kwenye ankara ya mfumo huo tu. Mtu akikupigia akidai ni karani na akutumie namba yake binafsi ya kulipia, hiyo ni kamba. Na hakuna afisa wa mahakama, wala wetu, anayehitaji PIN yako.

Ukishapata namba ya kesi, kazi haijaisha. Lazima mdaiwa akabidhiwe hati, na uwasilishe kiapo kinachothibitisha alikabidhiwa lini na wapi. Bila hicho, kesi hukaa tu.

Usingoje sana

Kwa mkataba uliovunjwa, sheria inakupa miaka 6 kushtaki. Kwa mali iliyoharibiwa kwa uzembe, ni miaka 3. Lakini simu hupotea, mesej hufutwa na mashahidi huhama. Kama ulikosea namba, anza nasi siku hiyo hiyo: omba muamala urudishwe kabla pesa hazijatumika. Mahakama ni baada ya hapo.

Jambo la mwisho: kushinda kesi hakumaanishi pesa zitaingia kwenye laini yako jioni hiyo. Asipolipa, utarudi kuomba mahakama itekeleze hukumu. Kwa hiyo, kabla ya kupakia faili, mpigie mara moja zaidi. Mwambie hati ziko tayari, na umtumie nakala. Akikubali kulipa kwa awamu, mwandikiane, tarehe na kiasi, na kila awamu ipitie kwenye simu.