Mlango mdogo, nyumba nadhifu

Ukifungua mlango wa nyumba nyingi hapa Nyarugusu, unajikwaa kwenye dumu, jembe na ndala za watoto. Kumbe hapo ndipo mgeni anapoanza kuiona nyumba. Tena usiku moto ukizuka, ndipo watoto watakapopita kukimbia. Basi mwezi huu tupapange.

Mfuko wa nyaraka. Chukua gunia tupu la kilo 50, lifue, likauke. Likunje kutoka chini hadi katikati, shona pande zote mbili na mistari miwili katikati: umepata mifuko mitatu. Kadi ya mgao na za kliniki zifunge kwanza kwenye kipande cha turubai, mvua isizifikie. Usiubandike ukutani, maana mchwa hupanda na udongo. Utundike kwa waya kwenye boriti, mbali na jiko. Jirani yetu mmoja aliikuta kadi imeliwa nusu asubuhi ya mgao. Alihangaika siku nzima, mama wa watu!

Viatu. Panga matofali, weka ubao juu. Viatu juu, madumu chini. Kabla ya kuvaa kung'uta, nge hujificha humo.

Jembe na panga. Pigilia vigingi juu, mkono wa mtoto usipofika.

Mwisho siliba ukuta kwa udongo laini, watoto wachore maua kwa majivu. Njia iachwe wazi. Mgeni akibisha, utasema "karibu" bila aibu.